Kadi Iliyojazwa Giza

Pale Magomeni ya Bagamoyo, jirani na stendi, kuna kibanda chenye pazia la buluu na kiti kimoja cha plastiki. Ndani yake hukaa mwanamke wa miaka arobaini na saba anayepiga picha za pasipoti. Wateja wake ni wanaume, wanafunzi wanaoomba vyuo, na watu wa bara waliohamia juzijuzi kulima nanasi Kiwangwa au kufundisha shule. Wanawake wa mji hawaketi kwenye kiti kile. Akikatiza mtaani na mkoba wake wa kamera, walio barazani huvuta mitandio mbele taratibu, kama wanaofukuza nzi, kisha humwamkia vizuri kabisa na kumuuliza habari za nyumbani. Hakuna watu wanaojua kumdharau mtu kwa adabu kama sisi wa pwani, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao.

Anaitwa Somoe. Kabla ya kuishia kwenye kibanda hicho alikuwa mtu mkubwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kuanzia Dunda mpaka Kaole, hapakuwa na bi harusi wa nyumba inayojiheshimu aliyesingwa bila Somoe kuwepo na kamera yake. Singo mnaijua ilivyo. Bi harusi anapakwa liwa na manjano, anasuguliwa mpaka ngozi inang'aa, na wanawake waliomzunguka wamevua mabuibui, vichwa wazi, wanacheza kama vile hakuna mwanamume aliyewahi kuumbwa. Mpiga picha wa kiume hasogei hata dirishani. Wa kike naye haingii hivihivi. Anaingia yule ambaye kina mama wana hakika kwamba alichokiona hakitavuka kizingiti.

Sifa hiyo aliipatia kwa Abizer, Mhindi aliyekuwa na studio mji mkongwe enzi za filamu. Somoe aliingia pale akiwa msichana wa kufagia na kuandika majina ya wateja kwenye bahasha. Kina mama walipoanza kutaka picha za ndani, Abizer alimkabidhi kamera akamfundisha kazi. Filamu ziliporudi hakuzigusa. Alimfundisha Somoe kuzisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, naye akatoka nje kukaa na gazeti lake mpaka binti amalize. Mwisho negativu zilitiwa kwenye bahasha na mama wa bi harusi akapewa mkononi.

"Karatasi ni karatasi tu," Abizer alikuwa akimwambia. "Negativu ndiyo picha. Hiyo ikipotea, mimi na wewe tumebaki watu wa kupiga soga."

Abizer alizeeka, akahamia Dar kwa wanawe, studio ikafungwa. Filamu nazo zikafa. Somoe akanunua kamera ya kisasa na kompyuta ndogo, na kina mama wa Dunda, ambao wengi wao hawajui hata kuiwasha kompyuta, wakamuuliza swali la maana kuliko maswali yote niliyowahi kusikia wasomi wakiuliza: sasa negativu iko wapi?

Somoe akawaeleza. Iko kwenye kadi iliyomo ndani ya kamera, na akiiingiza kwenye kompyuta inakuwa huko vilevile. Wakasema basi ya kwenye kadi ifutwe mbele ya macho yao, maana kamera hutembea, hupelekwa kwenye mahafali na mikutano, na huweza kuibwa. Kompyuta ikae kwake, imefungiwa sandukuni, mpaka albamu iwe tayari. Siku ya kuleta albamu alete na picha zenyewe kwenye flashi, na kompyuta nayo isafishwe hapohapo.

Halafu mama mmoja akaja na habari kwamba mpwa wake anaweza kufufua picha zilizofutwa. Ikawa kasheshe. Somoe akatafuta dawa yake. Akishaifuta kadi, aliifunika lenzi kwa kifuniko chake, akazima sauti, kwa sababu vyumba vile vina maneno yake, akaiacha kamera irekodi video ya giza tupu mpaka kadi ijae pomoni. Kilichozikwa chini ya giza lile hakifufuliwi na mpwa wa mtu yeyote. Kina mama wakaipenda desturi hiyo. Ilifanyika Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, na ikawa na chai yake na maandazi yake. Giza linajaa, wao wanasengenya.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili ujue kwamba mwanamke huyu hakuwa mzembe. Yaliyompata yalimpata kwa uangalifu wake, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Programu aliyoitumia kupangia picha huwa na swali lake, kwa maandishi madogo juu ya ukurasa, kila unapotaka kuingiza picha. Je, izinakili na kuziweka ndani ya kompyuta, au iziache hukohuko ziliko na kuandika tu mahali zilipo? Somoe alichagua kunakili siku ya kwanza kabisa. Programu ikalikumbuka jibu lake, ikawa inalitumia kila mara bila kumsumbua, naye baada ya miaka minne akasahau kwamba kuna swali.

Wiki moja kabla ya singo ninayotaka kuisimulia, mzee Tarcis, mstaafu mmoja wa chuo cha uvuvi cha Mbegani, alimletea diski yenye picha za maisha yake yote: boti, wanafunzi, komunyo za wajukuu, maelfu kwa maelfu, hakuna mwaka wala jina. Alitaka apangiwe. Kompyuta ya Somoe ilikuwa imekaribia kujaa, picha zote zile zisingeenea. Akafanya jambo la akili. Akalitafuta lile swali, akachagua jibu la pili, picha zibaki kwenye diski ya mzee na programu iandike tu zilipo. Kazi ikaenda vizuri, mzee Tarcis akachukua diski yake akaondoka anashukuru. Programu ikalikumbuka jibu la mwisho. Ndiyo kazi yake, kukumbuka. Somoe hakukumbuka.

Alhamisi ikafika, singo ya Adila, binti pekee wa Bi Mgeni wa Dunda.

Bi Mgeni alikuwa mjane, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na asiyependa picha. Harusi zote alizohudhuria alikuwa akiona kamera anainama kutafuta kiatu. Katika maisha yake alikuwa na picha moja tu, ya kitambulisho, ambayo inamwonyesha kama mtu aliyekamatwa. Kwa hiyo Somoe alishangaa alipovutwa mkono katikati ya ngoma akaingizwa chumba cha ndani na mlango ukafungwa.

"Nipige moja, mdogo wangu," Bi Mgeni alisema. "Mimi peke yangu."

"Wewe, dada? Si umenikimbia miaka yote hii?"

"Nina maradhi ya titi. Yamekwenda mbali, daktari wa Dar ameniambia. Adila hajui, na wewe usimwambie, niachie aolewe na furaha yake." Aliketi ukingoni mwa kitanda akaanza kufungua kilemba. "Nikiondoka, mwanangu abaki na mimi nilivyokuwa nyumbani. Ile ya kitambulisho sitaki anikumbuke kwayo. Yule simjui."

Nywele zake zilikuwa na mvi kwa mbele, amesuka twende kilioni, mistari minyoofu ya kurudi nyuma. Khanga ameifunga kifuani. Somoe alipiga mara mbili, na mara mbili Bi Mgeni alikakamaa kama yuko polisi. Kisha huko ukumbini mwimbaji akatupa kibwagizo kimoja cha matusi ya harusini, wanawake wakaangua kicheko, na Bi Mgeni naye kikamtoka, kichwa kimeinuka, pengo la jino linaonekana, mkono umejipiga pajani. Somoe akabonyeza. Kuna picha mpiga picha huijua kabla hajaiangalia, na hiyo alijua. Katika miaka yake yote hakuwahi kupata nyingine kama ile, na mimi namwamini.

Kesho yake Ijumaa wanaume walipokwenda kuswali, Somoe akaja na kompyuta. Kadi ikachomekwa, programu ikafunguliwa, akabonyeza kitufe cha kuingiza bila kuangalia juu. Picha zikamiminika kwenye kioo kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

"Leo ina mbio," Bi Mgeni alisema. "Harusi ya mtoto wa jirani tulingoja mpaka chai ikapoa."

"Kadi mpya hii, dada," Somoe akajibu, na akaona fahari.

Hapo ndipo alipoonywa, na mwonyaji alikuwa fundi cherehani. Picha zinazonakiliwa hukawia, kwa sababu zinabebwa moja moja. Hizi hazikubebwa. Zilikuwa bado kwenye kadi, na kompyuta ilikuwa inazionyesha tu kutoka huko, kama mtu anayekuonyesha nyumba ya jirani dirishani.

Wakaziangalia zote. Bi Mgeni akaondoa alizoziona hazifai, shangazi aliyeketi vibaya, binti wa watu aliyelegea khanga. Alipofika kwenye yake mwenyewe akaisogelea. Aliitazama muda mrefu, akagusa kioo kwa kidole.

"Huyu ndiye," akasema.

Kompyuta ikafungwa, ikaviringishwa khanga kama ilivyo desturi, ili macho yote yawe kwenye kamera. Somoe akairudisha kadi ndani ya kamera, akaifuta huku Bi Mgeni na shemeji zake wawili wakihesabu vidole vyake. Akafunika lenzi. Akazima sauti. Akawasha. Wakanywa chai, wakala maandazi, wakamsema bwana harusi kwamba ana masikio makubwa lakini ni mtu wa heshima. Kadi ilipojaa walimshukuru Somoe kwa uaminifu wake.

Jumatano iliyofuata, harusi imekwisha na Adila ameshapelekwa kwa mumewe Msata, Somoe alifungua kompyuta aanze albamu. Picha zote zilikuwepo, zimejipanga, ndogo kama kucha. Akagusa ya kwanza ikue. Ikatoka ukungu, na juu yake alama ya kuuliza na maneno kwamba faili halisi halionekani, programu imelitafuta kwenye kadi na kadi haipo. Akagusa ya pili. Akagusa ya Bi Mgeni. Kicheko kilikuwepo, lakini ukikikuza kilivunjika vipande vya mraba, na uso haukuwa uso.

Akaichukua kadi akaichomeka, programu ikaenda kutazama, ikarudi na alama ileile. Somoe alikaa sakafuni. Aliniambia baadaye kwamba kitu cha kwanza alichokifikiria ni Abizer nje ya chumba cha giza na gazeti lake.

Sasa sikiliza kosa la pili, maana la kwanza namsamehe. Hakwenda kusema. Alifikiri atapata mtu wa kuzifufua, na kwa kuwa Bagamoyo kila ukuta una macho, akaamua kwenda mbali, Chalinze, kwa fundi mmoja anayeitwa Medard aliyesifiwa kwa mambo hayo. Akawaambia majirani anakwenda msibani. Akapanda gari mpaka Msata, akashuka kusubiri la Chalinze, kompyuta kwapani.

Medard alikuwa kijana mstaarabu. Aliichukua kadi, akaishughulikia karibu saa nzima, na Somoe alisimama nyuma yake akijua kwamba hata huku kuileta kadi kwa mwanamume ilikuwa kuvunja ahadi. Kadi haikutoa kitu ila giza.

"Mama, mtu akifuta tu, mimi nazitoa," Medard alisema. "Hii imejazwa juu yake mpaka mwisho. Nani alifanya hivi?"

"Mimi." Akamfungulia na kompyuta.

"Na programu haikuzichukua. Iliandika tu ziko wapi. Ilikuwa inakuuliza hapa juu, ona."

Somoe akaona. Maandishi yalikuwa pale, madogo, ya kijivu. Yalikuwa pale siku zote.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja Dunda kumwambia Bi Mgeni. Hilo nalijua, na Mungu analijua. Alikuwa ameyapanga maneno ndani ya gari. Alimkuta kitandani, amepungua ghafla, chumba kimejaa wanawake waliokuja kumjulia hali. Kabla hajakaa vizuri Bi Mgeni akamshika mkono.

"Ile yangu imetoka vizuri?"

Wanawake wakageuka kumtazama. Kamera ilikuwa begani mwake. Angesema, "Dada, imeharibika, hebu nikupige nyingine," hata ya mtu aliyekonda, hata ya mtu wa kitandani, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini aliuona uso ule unavyongoja, akaona aibu, akaona huruma, sijui kipi zaidi.

"Imetoka vizuri sana, dada."

"Alhamdulillahi," Bi Mgeni akasema. "Basi nina cha kumwachia."

Alifariki siku ya kumi na moja baada ya hapo. Na kabla ya kukata roho, Adila amemwinamia, alimwambia kwamba picha yake iko kwa Somoe, ameiona kwa macho yake, na imetoka vizuri sana, Somoe mwenyewe amesema.

Wakamzika. Somoe alikuwa msibani, akapika, akaosha vyombo, akakwepa macho ya Adila. Kila siku alisema kesho. Arobaini ilipopita Adila akaja nyumbani kwake na mjomba wake Ausi, ndugu wa marehemu, mtu wa swala tano na hasira za karibu. Waliomba albamu na flashi.

Somoe akasema kweli yote. Akaeleza kuhusu swali dogo na majibu mawili, diski ya mzee Tarcis, kadi, giza. Alieleza vizuri, nadhani, ila ukweli wake ulikuwa na umbo la uongo. Ausi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu aliziona ndani ya kompyuta hii," akasema. "Shemeji zake waliziona. Zikaingia, kadi ikafutwa. Wewe mwenyewe ukamwambia marehemu imetoka vizuri. Sasa unasema hazijawahi kuingia."

"Zilionekana, kaka. Hazikuwemo."

"Na Chalinze ulikwenda kufanya nini?"

Habari zilikuwa zimeshamfika Ausi. Nadhira, wifi yake Adila, alikuwa amemwona Somoe pale Msata na kompyuta kwapani, akipanda gari la Chalinze, na siku ileile mtaani kwao ilijulikana kwamba yuko msibani.

"Nilikwenda kwa fundi azifufue."

"Fundi mwanamume."

"Mwanamume, kaka."

Ausi hakupiga kelele. Mke wake alikuwamo kwenye picha zile, na binti zake wawili, na dada zake, kichwa wazi, kiuno kimefungwa khanga. Alikuwa anajiona yuko barazani kwenye kahawa na mtu anamsogezea simu yenye picha ya mkewe. Nikiwa mkweli, mimi pia ningeogopa. Akasema kama ni kweli hazimo, basi na afute kila kitu kilichobaki hapohapo, mbele yake, na hivyo vidogo vyenyewe.

Somoe alimtazama Adila. Alitaka binti aseme kitu, kwa maana katika vile vidogo kulikuwa na kicheko cha mama yake, kidogo kama kucha, kibovu, lakini kilikuwepo. Angeweza kukitoa kwenye karatasi kwa ukubwa wa stempu. Lakini yeye mwenyewe angesema hapana, ingekuwa ushahidi kwamba anaficha. Adila alikuwa anatazama sakafu. Somoe akafuta. Kisha akaijaza kompyuta takataka mpaka ikagoma, kama alivyozoea, kwa sababu yeye kazi yake huifanya mpaka mwisho.

Habari ilifika mjini kabla Ausi hajafika kwake. Hakuna aliyemshitaki, hakuna aliyemtukana. Singo ya mwezi ule ikapigwa picha na mtoto wa mtu kwa simu. Kina mama waliomjua tangu studio ya Abizer wakawa na sababu nyingi nzuri: harusi itakuwa ndogo, bwana harusi hapendi mambo mengi, tutakuita. Kwa mwaka mzima kila simu iliyolia mlio wa picha kuingia ndani ya nyumba hizo ilisababisha mtu kushituka. Hakuna picha iliyotokea, wala wa kuuliza kwa nini haitokei hakuwepo. Walisema Somoe anangoja wakati wa kuzitoa.

Somoe alilinunua lile pazia la buluu akafungua kibanda. Sala yake ilikuwa moja. Hakuomba utajiri wala kazi zirudi. Aliomba apatikane mtu mmoja tu wa kumwamini.

Mwaka huu, asubuhi moja ya saa nne, Adila aliingia kibandani na mtoto mgongoni, akaketi kwenye kile kiti ambacho wanawake wa mji hawakiketi.

"Shikamoo, mama Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko Msata?"

"Hatujambo. Huyu ni Mgeni. Nimempa jina la bibi yake."

Somoe akataka kumshika mtoto, akauzuia mkono wake.

"Sikuja kwa ugomvi," Adila alisema. "Mjomba hajui kama niko hapa. Nina neno moja, nalo nimekuja nalo njia nzima. Kama zile picha uliziuza, nitajie uliyemuuzia. Kama umeziweka mahali, za wengine ziache hukohuko, mimi sitamwambia mtu. Nataka ya mama tu. Hata kama iko kwenye simu za wahuni nitaifuata. Nitaichukua humohumo kwenye uchafu wao. Nimesahau anavyocheka, mama. Naota anakuja na uso wa kitambulisho."

Somoe alielewa upesi kuliko alivyotaka kuelewa. Binti huyu alikuwa ameishi mwaka mzima kwa sababu yeye Somoe ni mwizi. Maadamu mwizi yupo, picha ipo. Uongo ulimjia mdomoni tayari, umeiva: nilimuuzia mtu wa Dar, simjui jina, nitamtafuta. Ungempa mtoto wa watu miaka mingine ya kutafuta. Lakini alishaidanganya nyumba ile mara moja kwa huruma, na alijua huruma yake inavyogharimu.

Akafungua mkoba. Ile kadi hakuwahi kuitumia tena tangu Chalinze. Aliiweka kwenye bahasha, kama Abizer alivyokuwa akiweka negativu. Akaitia kwenye kamera, akaiwasha, akamsogezea Adila.

"Hii ndiyo kadi. Ile Ijumaa, mama yako amekaa pale, sisi tunakunywa chai. Ndicho kilichomo."

Adila aliishika kamera kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa cheusi na tarakimu za dakika zikitembea pembeni. Akatazama dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliinamisha uso karibu, akakinga mwanga kwa kiganja, kama mtu anayechungulia chumba ambacho ndani yake mna mtu.

"Na mama alikuwepo hapo," akasema.

"Alikuwa kushoto kwangu. Anamimina chai."

"Na sauti?"

"Nilizima sauti."

Adila alitikisa kichwa polepole. Akamrudishia kamera, akakaza khanga ya mtoto kifuani.

"Nimekuamini," akasema. "Afadhali ungeiba, mama."

Akatoka akaenda stendi kutafuta gari la Msata. Somoe alibaki ameishika kamera, hakuizima, na giza likaendelea kwenda dakika kwa dakika mpaka likafika mwisho wa kadi.